Gogo la Kabwe na Fundo la Leonsi

Vijana wa karakana mmenitaka niandike namna kazi hii ilivyoanza kabla sijasahau, na mmoja wenu akaongeza, kwa heshima zote, kwamba nimeshaanza kusahau. Sawa. Nimestaafu mwezi uliopita kwa sababu magoti yamekataa kuchuchumaa mbele ya matangi ya kioo ya samaki, kwa hiyo nafasi ninayo. Vyeo na mishahara siandiki. Vyeo vilikuwa vichache na mishahara mnaijua. Nitaandika juu ya magogo na majani, na humo humo nitajibu lile swali mnaloniuliza kila tukifunga mimea: hili fundo, mzee, umelitoa wapi? Nimekuwa nikiwajibu kwamba nimelitoa kazini. Hilo ni jibu la mtu anayekwepa.

Nilianza kama bwana samaki msaidizi hapa Sumbawanga. Siku ya kwanza nilikabidhiwa mizani ya kuning'iniza, daftari, na mabuti mawili ya mpira, yote ya mguu wa kushoto. Nikauliza ya kulia yako wapi. Mtunza stoo akanitazama kama mtu aliyeuliza jambo la siri, akasema hayo ndiyo yaliyokuja. Nikayavaa miaka miwili. Kazi yangu ilikuwa mabwawa ya perege kwa wakulima wa uwandani, watu wa mahindi na ulezi ambao walichimba bwawa kwa sababu waliambiwa wachimbe, kisha wakawa wananiuliza mimi bwawa ni la nini. Chuoni tulifundishwa kuvua samaki, kumtia chumvi, kumbanika na kumpima. Samaki wa kutazamwa tu hakuna aliyemtaja.

Kisha mambo yakageuka, nami sikuelewa yamegeukia wapi. Maduka yaliyokuwa na kiberiti na chumvi peke yake yakajaa redio, mitumba na sabuni zenye harufu ya matunda. Malori yakawa hayakatiki barabara ya Kasesya, yakienda Zambia na kurudi. Ofisini kwetu ilikuja barua kwamba mradi wa mabwawa hauna fedha, ikafuata nyingine kwamba fedha zipo ila mradi sio wetu, halafu ya tatu kwamba watumishi tutapunguzwa. Tukauliza nani anapunguzwa. Tukaambiwa tuendelee kuja kazini mpaka tutakapoambiwa tusije. Basi tukawa tunakuja, tunakaa, tunatazamana.

Katika kukaa huko ndipo alipoingia Mama Editha, fundi cherehani wa sare za shule, mke wa dereva wa lori aliyeitwa Leonsi. Akaniambia ana samaki nyumbani na hali yao sio nzuri. Nikamwambia samaki hali yake ikiwa mbaya, mama, huwa mboga. Hakucheka. Akasema hawa hawaliwi, ni wa sebuleni. Nikachukua daftari na mizani, maana sikujua nibebe nini kingine, nikamfuata.

Leonsi mwenyewe alikuwepo siku hiyo, mtu mkubwa, mwenye kicheko cha kujaza chumba. Alikuwa ameleta kutoka ng'ambo ya mpaka tangi la kioo lenye urefu wa meza na samaki watano wa rangi ya chungwa lililoiva, mikia kama kanga iliyolowa. Walikuwa juu juu wanahema. Nikauliza maji ni ya wapi, nikaambiwa ya bomba, ya muda ule ule. Hilo angalau nililijua: maji ya bomba yana dawa, yaachwe kwenye ndoo wazi siku nzima kwanza. Leonsi akaniambia nyumba aliyowaona huko Zambia ilikuwa na gogo ndani ya maji na majani yameota juu yake, naye anataka hivyo hivyo. Akachomoa uzi wa bluu kwenye gunia, akafunga jani moja kwenye jiwe kunionyesha anachomaanisha. Mizunguko mitatu, kitanzi kikapita chini, na ncha moja fupi ikabaki imesimama kama sikio. Akasema kwa fundo hilo turubai la lori lake halijawahi kufunguka njiani hata siku moja. Nikaona, nikasahau. Wiki iliyofuata alisafiri.

Mimi nikabaki na kazi ya gogo. Mwalimu wangu katika mbao alikuwa Mzee Kornel, seremala aliyejifunza misheni, mtu wa maneno machache na randa kali. Nilimwomba kipande cha mninga nikakitumbukiza kwenye ndoo ya majaribio. Kwanza kikaelea. Pili, kesho yake maji yakawa chai ya rangi. Mzee Kornel akaja kutazama, akaniuliza kwa nini natia mti kwenye maji badala ya kuutoa kwenye maji. Nikamweleza. Akaniomba nirudie. Nikarudia, na kadiri nilivyorudia ndivyo na mimi nilivyozidi kutoelewa.

Gogo lenyewe nililipata Kabwe, nilipokwenda kikazi kupima samaki mwaloni, mitumbwi inaposhusha. Ziwa huwa linatupa magogo ufukweni, na wanawake wa pale huyaokota kuni. Nilizunguka asubuhi nzima nikiyapapasa, mpaka mvuvi mmoja akauliza kama Sumbawanga kuni zimeisha. Sikieni sasa, maana hili ndilo la kufaa. Chukua lile ambalo maji yameshalila ganda lote na nyama laini yote, ukabaki mfupa wa mti. Bonyeza kwa kucha: ikizama, liache. Nusa: likinuka utomvu, liache. Ukifika nyumbani lisugue kwa brashi ya katani, bila sabuni, hata kidogo. Kisha chemsha. Mimi nilikata pipa nusu, nikawa nachemsha kutwa, namwaga maji meusi, narudia kesho yake, siku tatu. Baada ya hapo ni kuloweka na jiwe juu yake, wiki baada ya wiki, unabadilisha maji. Siku ukiondoa jiwe na gogo likabaki chini lenyewe, limekubali.

Majani yalinisumbua zaidi. Nilianza na yale marefu kama utepe niliyoyang'oa ziwani, nikayapanda kwenye mchanga vizuri, na wale samaki wakayang'oa yote siku hiyo hiyo. Nikapanda tena, wakang'oa tena, mmoja akazunguka na jani mdomoni akinitazama. Mwishowe nikapata jani fulani gumu linaloshika kwenye mawe ya vijito vyetu huku juu. Jina lake la kitaalamu sikulijua, na la Kifipa kila niliyemuuliza alinipa la kwake. Hilo halipandwi, hufungwa juu ya gogo mpaka mizizi yake ishike. Lakini kabla halijaingia lioshwe jani kwa jani, litolewe konokono wote na mayai yao, lilale kidogo kwenye maji yenye dawa ya pamanganeti, rangi ya zambarau nyepesi, lisuuzwe. Konokono wa mtoni ndio wanaobeba kichocho. Msije mkampelekea mtu ugonjwa sebuleni kwa jina la urembo.

Nikiwa katikati ya kuchemsha na kuloweka, habari ikaja. Lori la Leonsi limeonekana ng'ambo ya mpaka, limeegeshwa kando ya barabara, limepakuliwa mzigo, ufunguo umo ndani. Leonsi hayupo. Walioulizwa walisema hawajui. Wengine walisema majambazi, na kwa kuwa majambazi walikuwepo kweli, neno hilo likakaa. Ikapita miezi. Ndugu zake wakaanza kusema kaka yao ameuawa na mwili umetupwa, kwa hiyo yawekwe matanga bila mwili, misa isomwe, na mji wake upate mwenye kuutazama. Mwenye kuutazama angekuwa Filbert, mdogo wake, aliyewahi kuwa utingo wake kwenye lori lile lile. Filbert hakuwa mtu mbaya. Lakini kuutazama mji maana yake ilikuwa nyumba, cherehani, na Mama Editha mwenyewe.

Mama Editha akakataa. Wakamuuliza ana ushahidi gani kwamba mumewe yuko hai. Nilikuwepo sebuleni nimeshika ndoo, nikitamani niwe kwingine. Akanyoosha kidole kwenye tangi.

"Samaki wake wako hai, shemeji. Siweki matanga ya mtu ambaye samaki wake bado wanakula."

Jamani, hilo ni jibu? Nililigeuza kichwani siku nzima sikuona kichwa wala miguu yake. Ila nadhani ndipo nguvu yake ilipotoka, kwa sababu hata wao hawakuona. Hakuna mzee wa ukoo aliyejua mila inasemaje kuhusu samaki wa sebuleni, kwa vile mila haikuwahi kuwaona. Wakaondoka wakasema watarudi. Na toka hapo Filbert akawa anapita kila Jumamosi, anabisha hodi, anainama mbele ya kioo, anahesabu hadi tano, anaaga. Ukoo mzima ukawa unangoja samaki. Mimi niliyesomea perege wa kubanikwa nikawa nimebeba ndoa ya mtu ndani ya tangi.

Gogo likakubali kuzama. Nikalikausha kidogo nikalipeleka kwa Mzee Kornel alinyooshe tako kwa msumeno ili lisimame. Nikalichukua kesho yake, nikafunga majani yangu. Wiki hiyo Mama Editha alikuwa amekwenda Kaengesa kwa mama yake, ambako na binti yake Editha alikuwa bwenini. Alisema anakwenda kusali na kupumzisha kichwa, maana ukoo ulikuwa umepanga kikao Jumamosi ile. Aliniachia ufunguo wa sebule. Nikaona nimfurahishe: akirudi akute tangi limekamilika. Jumatatu nikaliweka gogo. Lilipendeza sana. Nilikaa mbele yake hadi nikachelewa kazini, ingawa kazini kwenyewe hapakuwa na kitu cha kuchelewea.

Jumanne asubuhi samaki wawili walikuwa wamelala ubavu juu ya maji. Mchana akafuata wa tatu. Nikashika kichwa. Nikalaumu baridi, lakini samaki hawa baridi yetu wanaipenda. Nikalaumu maji, lakini yalikuwa yamekaa siku mbili. Nikalaumu pamanganeti. Wawili waliobaki nikawahamishia kwenye karai la maji masafi, nikawa namimina maji kwa kata kutoka juu ili yashike hewa, mkono ukafa ganzi. Ndipo jua lilipopiga dirishani nikaona usoni pa maji rangi rangi za upinde wa mvua. Nikalitoa gogo nikalinusa. Nikalinusa tena, kwa kuwa pua yangu ilikuwa inaniambia gereji.

Nikaenda nalo moja kwa moja kwa Mzee Kornel. Nikamwamkia shikamoo, hata hasira ilisubiri shikamoo ipite, kisha nikamuuliza alilifanyia nini. Akajibu kwa utulivu kwamba alilipaka oili chafu, kwenye nyufa zote, akalifuta vizuri lisichafue. Hajawahi kutoa mti kwenye karakana yake ukaingia nyumba ya mtu bila kuukinga na mchwa.

"Mzee, huu mti unakaa ndani ya maji. Mchwa watafikaje?"

"Na maji yakikauka?"

 Kila fremu ya mlango hapa mjini iliyodumu, ameipaka yeye. Kosa lilikuwa langu, niliyempa mti bila kumwambia usipakwe chochote, nikidhani jambo hilo halihitaji kusemwa. Ndiyo maana kila gogo linalotoka hapa karakanani lina kibao nilichoandika kwa mkono, LISIPAKWE, na ndiyo maana nawakasirikia mkikitoa. Mzee mwenyewe alipoelewa alikaa kwenye benchi lake akavua kofia. Akauliza wamebaki wangapi. Nikasema wawili, na Jumamosi wanahesabiwa.

Jumatano nikapanda lori hadi Kasesya. Sikumwambia mtu ofisini, wala hakuna aliyeuliza. Pale mpakani nikamuuliza dereva mmoja baada ya mwingine habari za samaki wekundu wa kufuga, wakanitazama kama wale wakulima wa mabwawa. Wa nne akasema ndiyo, upande wa pili kuna mtu anawafuga kwenye mapipa, anawauzia wenye nyumba. Nikamwomba watatu. Akaniuliza wa kwenda wapi, nikasema Sumbawanga, akavuka, nami nikalala kwa mhudumu wa forodha niliyesoma naye. Alhamisi dereva akarudi na dumu lililokatwa mdomo, watatu ndani wazima, wanacheza. Juu ya maji kilielea kijiti cha ukubwa wa kiganja chenye jani lililoshika vizuri. Dereva akasema mwenye mapipa aliposikia ni wa Sumbawanga aliongeza hicho, bila kuombwa.

Nilifurahi hata nikasahau kushangaa. Alhamisi jioni niliosha tangi kwa maji matupu mara sita, nikatia mchanga mpya, samaki watano, na kile kijiti katikati kama kilivyokuja. Gogo la Kabwe nililiacha nje. Nikafunga mlango nikiwa mtu aliyeokoka.

Ijumaa Mama Editha akarudi, akanikuta namimina maji kwa kata. Aliweka kapu la unga wa ulezi chini, akasogea kwenye kioo, akasimama.  Nikajua ameona kwamba watatu sio wenyewe, mmoja alikuwa na tumbo jeupe ambalo hapo kwanza halikuwepo. Nikaanza kuungama: gogo, oili, Mzee Kornel, Kasesya, nisamehe mama, nilitaka kukuokoa. Akainua mkono ninyamaze.

"Samaki sijawatazama, bwana samaki. Hilo fundo nani amefunga?"

Nikachungulia. Uzi wa bluu wa gunia. Mizunguko mitatu, na sikio moja fupi limesimama. Mikono yangu ilikuwa imekishika kile kijiti siku nzima na macho yangu hayakuona kitu. Nikamwambia kimekuja hivyo hivyo kutoka ng'ambo, kwa mtu mwenye mapipa. Hakuniuliza tena. Aliketi kwenye kiti cha cherehani, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayenipa vipimo vya sare:

"Nimesali miezi yote hii, nilimwomba Mungu awe hai tu. Kurudi sikutaja."

Jumamosi wakaja, Filbert na wazee watatu. Filbert akainama kuhesabu kama kawaida yake. Alifika mbili akaacha. Aliyefunga turubai na kaka yake miaka yote ile hakuhitaji kuambiwa. Aligeuka akatafuta pa kukaa, akakosa, akakaa chini. Mzee wa kwanza, baba yao mkubwa, alipoelezwa, akaanza kumwambia Mama Editha pole, akaikatisha, akaanza hongera, akaikatisha na hiyo, akabaki anasafisha koo. Hakuna aliyejua linalosemwa mahali kama pale. Mama Editha akawapa chai. Akasema basi matanga hakuna, kwa hiyo mji hauna haja ya mtazamaji mwingine. Wakakubali wote, haraka, wakanywa chai wakiwa wameinamisha vichwa. Alikuwa ameshinda, na sijawahi kumuona mtu aliyeshinda akiwa na uso ule.

Filbert alivuka mpaka kumtafuta. Alirudi na maneno machache: yupo, ana nyumba, ana mke, ana mapipa, anasema atakuja kiangazi. Viangazi vimepita vingi. Mimi ninachojiuliza ni kingine. Dereva alimwambia samaki wanakwenda Sumbawanga, na Sumbawanga nzima wakati ule tangi la kioo lilikuwa moja. Alijua ni lipi. Sasa, alifunga vile kwa mazoea ya mkono tu, au alitaka mkewe ajue aache kumngoja? Kama ni la pili, ni huruma au ni woga? Nimelifikiria hili miaka yangu yote ya kazi, hata baada ya kupunguzwa kweli na kufungua karakana hii, na Mama Editha akiwa ndiye aliyenitafutia wateja watano wa mwanzo. Sina jibu. Nyie mna miguu mizima, fikirini na nyie.

Jioni ile, wazee walipokwisha kuondoka, Mama Editha alikunja mkono wa gauni, akautia ndani ya tangi akavuta lile sikio. Fundo lililovuka mpaka likafunguka mara moja, jani likaelea. Akanipa uzi, akasema nifunge mimi. Nikafunga kwa fundo langu. Jumatatu yake nilikuta limelegea na samaki wanavuta jani huku na huku. Nikajaribu jingine, nalo likalegea. Mara ya tatu alinisukuma pembeni, akachukua uzi, akanionyesha polepole mezani, mizunguko mitatu, kitanzi chini, acha sikio, akarudia hadi mkono wangu ukashika. Hakumtaja mtu. Hilo ndilo fundo mnalofunga.